Naomba ushauri: "naiti" tumwiteje kwa Kiswahili?

Wakuu, habari za leo. Nawatafsiria wanafunzi wangu wa kidato cha pili historia ya Uingereza, nimekwama kwenye neno moja: naiti, yaani "knight" kwa Kiingereza, cheo cha heshima.

William Marshal, aliyefariki 1219, alipigana juu ya farasi, amevaa deraya, akiwa ameapa kumtumikia bwana wake. Hapo "askari mpanda farasi" linatosha kabisa.

Lakini Mo Farah, mkimbiaji mzaliwa wa Somalia, naye alipewa cheo hicho 2017. Alipiga goti, Malkia Elizabeth wa Pili akamgusa mabegani kwa upanga, akainuka akiwa Sir. Hapo farasi hayupo wala vita. Nikisema "shujaa", kiapo cha akina Marshal kinapotea, nami kiapo ndicho ninachotaka wakione.

Mngetumia neno gani libebe zama zote mbili?