Naombeni ushauri: warsha za bure kwenye tamasha la bluzi, nishike ya gita au ya kuimba? (Na mdogo wangu ana harmonika moja tu)

UziWaTatu:
Habari zenu ndugu zangu wapenda muziki. Nina jambo linanikosesha usingizi, naomba mnishike mkono.

Napiga gita mwaka wa pili sasa, nimejifunza mwenyewe chumbani. Wiki tatu zijazo kuna tamasha la muziki wa bluzi (blues) linaloandaliwa na jamii, watu wanajitolea tu, hakuna kiingilio. Mchana kuna warsha za bure: gita kwa wanaoanza, gita la slaidi (unateleza chupa juu ya nyuzi), harmonika (kinanda cha mdomo), kuimba na kutunga mashairi. Jioni waliohudhuria warsha wanapandishwa jukwaani wapige pamoja na bendi.

Hapo kwenye jukwaa ndipo roho inapogoma. Mwaka jana nilipanda jukwaa huria mahali pengine. Kiongozi akasema tu, "Ufunguo wa A, twende." Yaani A ndiyo nyumbani kwa wimbo. Mzunguko wa kwanza nilikwenda nao sawasawa. Wa pili, kufika kipimo cha tisa (kipimo ni kipande cha mapigo manne) wenzangu wote wakahamia kodi ya E, yaani noti zake zinazopigwa pamoja, mimi nimebaki A. Ule mgongano niliusikia hadi kwenye meno. Nikaanza kuwakimbiza, nikazidi kupotea, mwishowe nikafunga sauti ya gita na kusimama pale nikichezesha mkono hadi wimbo ulipoisha. Nilishuka bila kumuaga mtu. Gita likakaa kwenye mfuko wake miezi minne.

Sasa warsha ya gita na ya kuimba zinafanyika kwa wakati mmoja, lazima nichague. Sauti yangu ni ya kawaida na sina ndoto ya kuwa mwimbaji, kwa hiyo naona ni gita tu, ila moyo unasita. Halafu kuna mdogo wangu wa miaka 15 anapuliza harmonika. Anayo moja, ya C. Anauliza kama ataruhusiwa kuingia na wenzake au ataambiwa ufunguo wake hautakiwi. Sikuwa na jibu la kumpa.

MzeeWaRizimu:
Pole sana mdogo wangu. Kupotea kwenye kipimo cha tisa kumewapata wengi, na pana sababu yake.

Umbo lenyewe unalijua: vipimo 12, kila kimoja mapigo manne. Vinne vya kwanza upo nyumbani, kwa wimbo wako ni A. Viwili kwenye D. Viwili unarudi A. Cha tisa E, cha kumi D, viwili vya mwisho A, na pale mwishoni kabisa mara nyingi kuna kikorombwezo cha kukurudisha mwanzo. Kwa maelezo yako, nahisi ulikuwa unahesabu moja mbili tatu nne hadi kumi na mbili kichwani huku vidole vina kazi nyingine. Hesabu ya namna hiyo ikikatika mara moja, huna pa kuishikia tena.

Shika maneno badala ya namba. Ubeti wa bluzi wa kawaida una mistari mitatu. Wa kwanza unaimbwa juu ya vipimo vinne vya mwanzo. Wa pili ni uleule unarudiwa, na hapo ndipo D inaingia chini yake. Wa tatu ni jibu, maneno mapya. Sikiliza hapa: maneno mapya yakianza, upo kipimo cha tisa. Mwimbaji anakuonyesha njia kila baada ya nusu dakika hivi, bila malipo. Umepotea? Nyamaza, sikiliza, subiri ule mstari wa jibu, ingia na E. Nimewahi kumwona kijana akipotea mizunguko miwili mfululizo, akaokotwa na mstari wa tatu kama mtu aliyedaka mkono wa mwenzake mtoni.

Ndiyo maana nakwambia nenda warsha ya kuimba. Huendi kutafuta uimbaji, unakwenda kutafuta ramani.

Kapo_Saba:
Mzee shikamoo, kwa heshima zote nakupinga kidogo.

Kwanza, si kila mwimbaji anafuata vipimo 12. Chukua wakongwe wa bluzi: John Lee Hooker aliweza kukaa kwenye kodi moja wimbo mzima, na Lightnin' Hopkins alikuwa akibadilisha pale moyo wake ulipomtuma, wanaompigia wamtazame mkono. Ukimzoesha mtu kungoja mstari wa tatu, siku akikutana na mpigaji wa aina hiyo atabaki njiani tena.

Pili, mleta mada amesema sauti ya gita aliifunga. Tatizo la mikono lipo. Warsha ya gita itamfundisha ule mdundo wa kuchechemea: kila pigo ligawe mara tatu, piga la kwanza na la tatu, la katikati liache. TA-a-ta, TA-a-ta. Huo ukiingia mwilini, kodi zinajipanga zenyewe. Na ukipotea usizime gita. Punguza sauti, piga uzi mmoja mnene tu, noti mama ya kodi (ile inayoipa jina lake), kwa pigo la kwanza la kila kipimo. Ukikosea hapo hakuna atakayegeuka.

MzeeWaRizimu:
Marahaba kijana wangu. Kuhusu Hooker na Hopkins umesema kweli, na mwenye kupiga nao alilazimika kuwa na macho. Lakini jioni ya warsha bendi itapiga vipimo 12 vilivyonyooka, maana hapo wapo wengi wa kiwango chake. Kuchechemea anaweza kufanyia mazoezi nyumbani kwa metronomu (kifaa cha kugonga mapigo) wiki hizi tatu. Mwimbaji hai wa kumsikiliza chumbani hana.

DadaPumzi:
Mimi najibu la mdogo wako, maana naona wanaume wa gita wamelipita.

Mwambie hivi: harmonika ya C kwenye bluzi kazi yake kubwa ni ufunguo wa G, si C. Avute pumzi ndani kwenye matundu ya 1, 2, 3 na 4 kwa pamoja, atasikia kodi ya G imekaa pale imekamilika. Tundu la 2 kwa kuvuta ndiyo nyumbani kwake. La 5 kwa kuvuta linampa F, ile noti yenye uchungu kidogo ambayo bluzi haiwezi kuishi bila hiyo. La 3 akilivuta huku akishusha ulimi na kulegeza koo, noti inapinda kwenda chini, na hapo ndipo kilio kinapotokea. Asikaze midomo. Wengi wanaoanza wanavuta kwa nguvu wakidhani ndiyo kupinda, wanaishia kuharibu vijibamba vya ndani.

Bendi ikisema A, harmonika inayotakiwa ni ya D. Ikisema E, ni ya A. Kwa hiyo ya C haitafaa kila wimbo, na asijilazimishe. Afanye jambo moja kabla ya kupanda: amfuate kiongozi wa bendi, amsalimie, amwambie, "Nina C, naomba wimbo mmoja wa G." Hiyo ni lugha ya kazi, kiongozi ataelewa papo hapo kwamba mtoto anajua anachokifanya. Nyimbo nyingine akae, apige makofi kwenye pigo la pili na la nne.

Na asiazime harmonika ya mtu wala kumwazima mtu yake. Ile inaingia mdomoni.

UziWaTatu:
Dada, nimemsomea mdogo wangu maneno yako yote. Amekimbilia chumbani, sasa hivi nasikia tundu la 2 linavutwa mfululizo, nyumba nzima imeshalijua. Asante sana.

Mzee, nimejaribu jana usiku. Nimezima taa, nimesikiliza nyimbo za B.B. King, yule gwiji wa bluzi, bila kushika gita, nanyoosha kidole kila mstari wa tatu unapoanza. Nyimbo sita, sikukosea hata mara moja. Miaka miwili nasikiliza muziki huu na sikuwahi kusikia kwamba wimbo wenyewe unaniambia nipo wapi.

Lakini bado nina swali. Mwimbaji akinyamaza na mtu akapiga solo, nitashika nini? Na ile warsha ya slaidi nayo inanivuta, ni asubuhi, haigongani na nyingine.

MzeeWaRizimu:
Wakati wa solo hamia kwa mpiga besi. Mtazame mkono, si uso. Mpiga dramu naye karibu na mwisho wa mzunguko huwa anaongeza kitu, anaviringisha kidogo, ni ishara kwamba mnarudi mwanzo. Na uimbe kimoyomoyo ule ubeti wa mwisho uliosikia. Wapiga solo wazuri nao wanaimba kichwani, ndiyo maana wanaacha nafasi ya kupumua.

Slaidi nenda ukasikilize, ila usitegemee kuipiga jioni. Mara nyingi gita linatyuniwa upya, kwa mfano D-G-D-G-B-D, ili nyuzi zikiachwa wazi zitoe kodi ya G. Chupa unaiweka juu kabisa ya chuma cha freti, si nyuma yake kama ulivyozoea vidole, na huibonyezi. Mkono unahitaji miezi kuzoea. Lakini nenda kwa sababu ya sikio. W. C. Handy alisimulia kwamba mnamo 1903, akisubiri treni stesheni ya Tutwiler huko Mississippi, Marekani, alimsikia mtu akiteleza kisu juu ya nyuzi za gita na kuimba mstari uleule mara tatu. Handy alikuwa mwanamuziki aliyesoma noti, ana bendi yake, na bado alisema ni muziki wa ajabu kuliko wote aliowahi kusikia. Alikaa, akasikiliza.

Mratibu_wa_Jukwaa:
Nimejitolea kwenye warsha za namna hii kwa miaka kadhaa, ngoja niseme ya upande wetu.

Jiandikishe leo. Bure haimaanishi nafasi hazijai. Wengi wanajiandikisha wasitokee, na aliyekuja bila jina anasubiri nje akitazama viti vitupu. Inatuumiza sana. Ukiona huwezi kwenda, toa taarifa ili mwingine apate.

Kwenye fomu andika kiwango chako cha kweli. Watu wanajipandisha, kisha mkufunzi anapanga somo gumu na nusu ya darasa inazama. Wengine wanajishusha kwa woga. Wewe andika: najua kodi, najua umbo la vipimo 12, napotea nikiwa na wenzangu. Sentensi hiyo moja inamsaidia mkufunzi kuliko kurasa mbili.

Njoo na waya wako, nyuzi za akiba, na kifaa cha kutyuni cha kubana kwenye shingo ya gita, maana palipo na magita kumi chumba kimoja huwezi kutyuni kwa sikio. Uliza mapema kama amplifaya ipo.

Na usidhani warsha za bure ni huruma. Chicago Blues Festival ni bure tangu 1984. Pale Clarksdale, Mississippi, makumbusho ya Delta Blues Museum inafundisha watoto kupiga, na mpiga gita Christone "Kingfish" Ingram alipitia humo kabla dunia haijamjua. Muziki huu umekuwa ukipokezanwa uso kwa uso tangu zamani, aliyetangulia anakaa, aliye nyuma anatazama vidole.

Kapo_Saba:
Mratibu umenena. Na Mzee, nakubali la besi. Mleta mada nenda kaimbe, mimi nakuachia kazi ya nyumbani: kuchechemea kwa metronomu kwenye mapigo 70 kwa dakika, dakika kumi kila siku, wimbo mzima bila kusimama hata ukikosea. Kutosimama ndiyo zoezi lenyewe.

UziWaTatu:
Wapendwa, nimerudi. Tamasha lilikuwa jana.

Warsha ya kuimba tulikuwa tisa. Mkufunzi alitaka kila mmoja atunge ubeti mmoja kwa lugha anayoiwazia. Mimi niliandika huu:

Mvua imenyesha usiku kucha, nyayo zake zimefutika,
Nasema mvua imenyesha usiku kucha, nyayo zake zimefutika,
Nimesimama njia panda, na moyo umegawanyika.

Tuliuimba wote tisa, wao wakigonga meza. Nilipofika "nimesimama" mkufunzi akapiga E kwenye gita lake na kunitazama. Nikajikuta nacheka na machozi yananilenga.

Jioni tukapanda. Kwenye solo ya pili nilipotea, kweli kabisa nilipotea. Nikapunguza sauti, nikashika noti mama, nikamtazama mpiga besi mkono, bado sikuelewa. Kisha mwimbaji akarudi. Mstari wa kwanza nikanyamaza. Wa pili nikanyamaza. Wa tatu nikaingia na E, pamoja nao.

DadaPumzi:
Mungu wangu, nimesoma huku nimeshika kifua. Mdogo wako je?

UziWaTatu:
Alimfuata kiongozi akasema maneno yako vilevile, neno kwa neno. Wakampa wimbo mmoja wa G, karibu na mwisho. Alipiga mizunguko miwili, ule wa kwanza noti moja tu, tundu la 2, ndefu. Wa pili akapinda la 3. Leo asubuhi ameniuliza harmonika ya D na ya A aanze na ipi.

DadaPumzi:
D. Wapiga gita wanapenda sana A.