Bordeaux, eneo la mvinyo Ufaransa, ipokee mizabibu migeni, au ibaki na ya mababu?

Mleta mada:
Wenzangu, naweka msimamo wangu mapema: sheria za Ulaya zinazomfunga mkulima wa mvinyo kwenye aina zilezile za zabibu zilegezwe, tena haraka. Mji wa Beaune, Ufaransa, una kumbukumbu za tarehe za mavuno tangu 1354. Kuanzia 1988, zabibu huko zinachumwa wastani wa siku 13 mapema kuliko zamani, maana joto limepanda.

Wengi hudhani joto ni neema, maana zabibu inakuwa tamu. Chuma tunda la Merlot, zabibu nyekundu ya Bordeaux, mwaka wa joto kali uone. Sukari imeshapanda, uchachu unashuka, lakini tafuna mbegu: bado ya kijani, chungu. Ukivuna sasa, mvinyo unakuwa na ukakasi. Ukisubiri mbegu ikomae, sukari inazidi na kilevi kinafika asilimia 15. Mkulima afanyeje?

Mwaka 2021 Bordeaux waliruhusiwa aina 6 mpya, ikiwemo Touriga Nacional ya Ureno iliyozoea joto. Ila zisizidi asilimia 5 ya shamba, wala asilimia 10 ya mchanganyiko wa mvinyo. Mzabibu unakaa ardhini miongo kadhaa. Huu ni mwendo wa kobe!

Mchangiaji:
Ndugu mleta mada, na jina je? Anayenunua mvinyo wa Bordeaux anafuata ladha ya zabibu za Cabernet na Merlot. Ukibadili zabibu, umebakiza chupa na nembo tu. Afadhali waruhusiwe kumwagilia kwa uhuru kama Australia na California.

Mleta mada:
Ndugu yangu, hofu ya jina naielewa. Lakini kiangazi kinapokausha shamba, mito nayo inapungua. Maji yatatoka wapi? Na maji hayaondoi tatizo la jalidi, yaani baridi ya kugandisha. Aprili 2021 joto la Machi lilikuwa limeiamsha mizabibu mapema, jalidi ikashuka. Wakulima wa Ufaransa walikesha wakiwasha mishumaa mikubwa kati ya mistari, na bado machipukizi mengi yaliungua. Aina inayochelewa kuchipua ingekuwa imelala.

Tena Bordeaux hii unayoitetea imeshabadilika. Malbec, aina nyingine ya zabibu, ilikuwa nyingi huko mpaka baridi kali ya Februari 1956 ilipoiua kwa wingi, na Merlot ikatanuka. Jina halikufa. Basi niambie, ungekubali asilimia ngapi: 10? 20?