Kontrakta asema kamba moja yatosha na tangi liko wazi: naomba ushauri kabla ya kukubali kazi

Mpaka Rangi wa Changamwe:

Assalaam aleikum wana jukwaa. Mimi ni mpaka rangi, na kazi yangu kwa miaka kadhaa imekuwa juu ya skafoldi za majumba ya ghorofa huku Mombasa, Nyali na Tudor. Sasa kontrakta mmoja ananiita nijiunge na kikundi chake kwa kazi mbili upande wa bandari: kwanza kupaka rangi ukuta wa nje wa ghala refu la nafaka tukiwa tunaning'inia kwa kamba, kisha kuingia ndani ya tangi kuukuu la mafuta, kukwangua kutu na kuzoa tope lililobaki chini. Malipo yanapita niliyoyazoea. Nilipomuuliza habari za usalama alinijibu kwamba kamba ni mpya na nene, hivyo moja yatosha, na kwamba tangi halina hatari kwa kuwa limekaa tupu muda mrefu na mlango wake umefunguliwa tangu juzi. Tutapewa barakoa za vumbi. Je, maneno hayo ni sahihi? Na je, mtu aliyezoea urefu kama mimi anahitaji mafunzo mengine?

Fundi wa Kamba, Mikindani:

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Kamba moja haitoshi, hata ingekuwa imetoka kiwandani leo asubuhi. Kazi hii hufanywa kwa kamba mbili: ya kwanza ndiyo unayoteremkia, na ya pili ni ya akiba, yenye kifaa chake kinachokufuata na kuing'ata kamba ghafla endapo ya kwanza itaachia. Kila kamba hufungwa mahali pake, na mahali hapo panatakiwa pahimili nguvu ya kilonyutoni 15, yaani karibu uzito wa tani moja na nusu. Bomba la maji au chuma cha ngazi kilicholiwa na kutu hapo juu si mahali pa kufungia roho ya mtu.

Unene nao usikudanganye, kwa sababu kamba ya milimita 11 iliyobeba mtu ikisuguliwa kwenye ukingo wa zege au bati inaweza kukatika, ndiyo maana ukingo hufunikwa au kamba huelekezwa pembeni. Mimi kabla ya kazi huipitisha kamba yote vidoleni bila glavu, nikiikunja kidogo kidogo: palipolegea na kuwa laini kuliko pengine, au palipokakamaa, pana kasoro ndani ambayo macho hayaioni. Hapa pwani kuna na chumvi, ambayo hukaukia katika nyuzi na katika springi za karabina (pete za chuma za kuunganishia kamba na mkanda), kwa hiyo vifaa huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi na kuanikwa kivulini. Na wakati wa kusi, upepo wa juu ya ghala ni mkali kuliko unaousikia ukiwa chini.

Mafunzo unayahitaji. Utaratibu unaojulikana zaidi ni wa IRATA, chama cha kazi za kamba kilichoanzia Uingereza, chenye ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni siku zisizopungua nne za mafunzo, kisha mtihani mbele ya mtahini asiye mwajiriwa wa chuo hicho, na cheti hudumu miaka mitatu. Aliye ngazi ya kwanza hafanyi kazi peke yake. Lazima awepo msimamizi wa ngazi ya tatu, mtu anayejua kumteremsha mwenzake aliyezirai kambani. Aliyezirai akaachwa akining'inia bila kujongea anaweza kufa kwa sababu ya mkanda wenyewe aliofungwa mwilini, kwa hiyo hatungojei zimamoto wafike.

Mzee wa Matangi:

Mwanangu, nimefanya kazi katika matangi ya meli Kilindini mpaka nimestaafu, na hilo tangi ndilo linalonitia hofu kuliko ghala. Hakuna tangi tupu. Chuma kinachoshika kutu hula oksijeni iliyomo ndani, hata kama hakujawahi kuwekwa kitu kingine chochote. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, mita ya kupimia hewa huanza kulia ikishuka chini ya 19.5, na ikifika chini ya 10 mtu huanguka kabla hajajua kwamba anaumwa. Barakoa ya vumbi huzuia vumbi tu, haikuongezei oksijeni hata chembe.

La pili ni hilo tope. Likitulia huonekana halina neno, lakini mkilichokoa kwa sepeto hutoa mvuke wa mafuta unaoweza kuwaka, na pengine gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka mayai viza. Usiitegemee pua. Gesi hiyo ikifika sehemu 100 hivi kwa milioni huua uwezo wa kunusa, ukadhani imeondoka, ilhali mita hulia ikiwa bado sehemu 10. Tena ni nzito kuliko hewa, hulala chini. Mlango wa juu ukae wazi wiki nzima, chini bado imo. Kwa hiyo hewa hupimwa juu, katikati na chini kabla mtu hajaingia, feni ikipeleka hewa safi hadi sakafuni, na mita hubaki na wafanyakazi muda wote kwa sababu hali hubadilika kadiri mnavyochokoa. Meli za safari za kimataifa zimelazimika kuwa na mita hizo tangu Julai 2016.

Na awepo mtu mlangoni ambaye hana kazi nyingine ila kuwatazama walio ndani. Huyo haingii, hata akiona nduguye ameanguka. Wengi miongoni mwa wanaokufa katika matangi ni waliokimbilia kuokoa. Aliye ndani avae mkanda wenye kamba iliyofungwa kwenye winchi (mashine ya kuvutia kamba) iliyo juu ya stendi ya miguu mitatu, avutwe kutoka nje.

Mpaka Rangi wa Changamwe:

Shikamoo mzee, na ahsante kaka. Na akiniambia hakuna muda wa hayo yote?

Bi Usalama Kazini:

Kaka, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inakutaka umwarifu msimamizi hatari kubwa unayoiona, na mwajiri haruhusiwi kukurudisha mahali hapo mpaka airekebishe. Vifaa vya kujikinga ni juu yake, havikatwi katika malipo yako. Muulize pia bima ya wafanyakazi ikiwa ipo. Kabla hujatia sahihi, mwombe akuonyeshe cheti cha msimamizi wa kamba, kibali cha maandishi cha kuingia tangini chenye vipimo vya hewa vya siku hiyohiyo, na jina la atakayesimama mlangoni. Akikosa kimojawapo, usiingie, na upeleke habari katika ofisi ya Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini, kwa sababu wenzako watakaoitwa badala yako huenda hawajauliza swali hili.