Nota kwenye kishikwambi zinanikimbia katikati ya Utukufu

Kinanda_Kigangoni:
Tumsifu Yesu Kristo. Napiga kinanda kigangoni mwaka wa tisa huu. Nimenunua kishikwambi cha Android cha inchi 10 (si kile cha sensa, msianze) kwa sababu feni ya kanisani imekuwa adui wa makaratasi yangu. Nota zangu nyingi ni picha nilizotumiwa WhatsApp. Jumapili, katikati ya Utukufu, nikasukuma kwenda ukurasa wa tatu, akatokea mbuzi wa shemeji yangu. Kwaya ikaendelea bila mimi. Niliporudi walikuwa wameshashuka karibu nusu toni, tukawa kama ndugu waliogombania shamba. Tena kiitikio kipo ukurasa wa 1, mashairi wa 4, na maandishi ni madogo, mstari wa besi nausoma kwa kukisia. Wenzangu mnafanyaje?

Alto_wa_Mbeya:
Milele na milele, amina. Pole kaka, ila mbuzi hana kosa! Nota zisikae pamoja na picha za familia. Kila wimbo uufanye PDF moja, kisha uweke kwenye MobileSheets, programu ya kusomea nota. Inalipiwa, lakini mara moja tu. Humo unakata ukingo mweupe wa karatasi, na unaweka alama mwisho wa shairi: ukiigusa unarudi kwenye kiitikio moja kwa moja. Hiyo peke yake ilinirudishia hela yangu.

Kuhusu udogo, kilaze. A4 ina upana wa sentimita 21. Kishikwambi chako kikisimama kina kama 14, kikilala kinakaribia hizo 21. Utaona nusu ukurasa, lakini kwa ukubwa wake halisi. Na kabla ya misa washa hali ya ndege, usije ukapigiwa simu wakati wa mageuzo.

Mzee_wa_Besi:
Huyo binti kasema kweli. Mimi naongeza mawili. Usipige picha nakala iliyotolewa nakala mara kumi. Haleluya ya Handel ipo bure IMSLP na CPDL, tovuti za nota, safi kabisa. Mwenyewe alifariki 1759, hakuna wa kukudai. Za Kiswahili anza na tovuti ya Swahili Music Notes, ila zipige nyumbani kwanza. Nilishawahi kufundisha tena wiki mbili wimbo ambao aliyeuchapa alisahau bemoli moja, ile alama ya kushusha nota nusu toni. Na ukiona mtunzi yu hai, mtafute umwombe.

Pili, pedali ya bluetooth ya kufungulia kurasa. Kinanda cha kigango hakina pedali za besi, kwa hiyo mguu wa kushoto upo tu unapunga upepo.

Kinanda_Kigangoni:
Mzee shikamoo. Pedali bei gani?

Alto_wa_Mbeya:
Usinunue bado. Pedali nyingi zinatuma amri ileile ya kitufe cha mshale cha kibodi. Azima kibodi ya bluetooth, iweke sakafuni, jaribu kwa kidole gumba cha mguu.

Kinanda_Kigangoni:
Nimerudi kutoka mazoezi ya Jumamosi. Kukilaza kumenisaidia kuliko vyote, besi sasa naiona. Alama ya kiitikio nimeiweka kwenye nyimbo sita, zimebaki kama arobaini. Kibodi ya sakafuni nayo ilifanya kazi mpaka katekista alipoikanyaga, tukaruka kutoka Matoleo hadi Shukrani. Kesho makaratasi nitayabeba pia, nayakalia.