Naomba ushauri: nataka matumbawe yangu aina ya Acropora yazae ndani ya tangi, niko Ntinda, Kampala

BintiBombo
Salaam wapendwa. Nina tangi la maji ya chumvi la lita 400 hapa Ntinda, linaingia mwaka wa nne. Maji ni ya bomba, nayapitisha kwenye chujio la RO linaloondoa madini na uchafu, kisha nachanganya chumvi. Vipimo vya jana: joto 26, chumvi 35 kwa elfu, kalsiamu 430, alkaliniti 8, magnesiamu 1,320.

Pocillopora wangu, tumbawe la aina nyingine, amezaa. Tangu mwaka jana naona vitumbawe vya waridi, ukubwa wa kichwa cha kiberiti, kwenye kioo na mgongoni mwa pampu, mahali ambapo sijawahi kugandisha kipande chochote. Nilipoviona mara ya kwanza nilimwamsha mume wangu usiku aje aone. Lakini Acropora wangu wawili, mmoja sasa ana upana wa sentimita 18, hawajatoa kitu. Vipande vingi tunavyouziana Kampala ni mkato wa mkato wa mkato. Natamani kuona kizazi kipya kabisa, si kipande kingine cha mama yuleyule.

Jambo la pili. Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika tangu saa tatu usiku, betri ikaisha, ukarudi alfajiri. Kesho yake nikakuta vinyama vidogo vyenye minyiri vinaelea, vimetoka kwa Pocillopora. Je, huo nao ni uzazi? Kama mshtuko ndio unaoleta uzazi, niwashtue na Acropora?

KambaleJinja
Dada, mimi matumbawe siyajui, nafuga kambale. Sisi tunawachoma sindano ya homoni, usiku huohuo mayai tunayo. Kwako ningejaribu kupandisha joto hadi 31 kwa wiki moja. Kiumbe akihisi kifo huharakisha kuzaa.

MzamiajiKilifi
Tafadhali usifanye hivyo. Joto la 31 kwa ghafla litawafanya watoe mwani unaoishi ndani ya nyama yao. Watageuka weupe, na utawapoteza.

Na hao vinyama walioelea si watoto. Nenda ukaangalie tawi walikotoka. Kama limebaki jiwe jeupe tupu, basi polipi, yaani vile vinyama vinavyojenga tumbawe, zimejibandua na kuhama mifupa yao kwa sababu maji yaliishiwa hewa. Kiluwiluwi cha kweli cha Pocillopora ni kidonge kirefu cha kahawia, kina milimita moja hivi, hakina minyiri, na kinaogelea chenyewe. Kikitoka, tawi la mama linabaki na nyama yake nzima.

BintiBombo
Nimetoka kuangalia kwa tochi. Ni jiwe jeupe, matawi mawili. Kumbe nilikuwa nafurahia msiba.

MzamiajiKilifi
Pole sana dada. Wale wa kwenye kioo ni watoto wa kweli, hao wahesabu bila shaka. Nunua pampu ya hewa inayojiwasha yenyewe umeme ukienda. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza kabla ya habari yoyote ya mayai.

Sasa Acropora. Huyu si kama Pocillopora wako, ambaye hulea viluwiluwi mwilini na kuwatoa mara nyingi kwa mwaka. Acropora hutengeneza mayai na mbegu kwa miezi kadhaa, kisha kwa kawaida huachia vyote mara moja kwa mwaka, usiku, siku chache baada ya mwezi mpevu. Hakuna dawa ya chupa ya kumwambia lini. Anasoma majira: maji yanavyopoa na kupata joto, mchana unavyorefuka, mwezi, na saa ya machweo.

Jamie Craggs na wenzake wa Horniman Museum, London, waliyaiga majira hayo kwa taa na hita zinazoongozwa na kompyuta, na mwaka 2017 wakachapisha jinsi Acropora wa aina nne walivyotaga ndani ya matangi yaliyofungwa. Kwa hiyo kukosa pwani si kizuizi chako. Kizuizi ni kwamba tangi lako lina joto 26 Januari hadi Desemba. Ni sifa njema kwa kukuza, lakini tumbawe halijui kama mwaka umepita.

Waige pepo zetu. Wakati wa kusi, Julai na Agosti, maji ya pwani hupoa hadi karibu 25, na kaskazi ikikomaa, Machi, hufika 29 hivi. Wewe ishia 28 kwa usalama. Shuka hadi 25, kisha panda nusu nyuzi tu kwa mwezi, usiruke.

Fundi_Entebbe
Niongeze hapo kwenye mwezi, maana ndipo nilipokosea miaka miwili. Niliweka taa ya buluu hafifu usiku kucha nikidhani ndiyo mwezi. Watafiti wa Taiwan walionyesha mwaka 2021, kwa tumbawe liitwalo Dipsastraea speciosa, kwamba ishara yenyewe ni giza. Hadi mwezi mpevu, mwezi hupanda kabla jua halijazama au wakati uleule. Ukishapevuka unaanza kuchelewa, na kati ya machweo na kuchomoza kwake linatokea giza, kila siku refu kidogo. Tumbawe linahesabu kutoka giza lile, na siku kama tano baadaye linaachia.

Dada, tangi liko sebuleni?

BintiBombo
Ndiyo, mkabala na televisheni. Taa za sebule huzimwa saa tano usiku.

Fundi_Entebbe
Basi matumbawe yako hayajawahi kuona giza hilo. Sisi huku jua linazama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja na dakika kumi hivi mwaka mzima. Ukizima taa za tangi wakati huo, lifunike kwa shuka nzito nyeusi pande zote. Taa ya mwezi iongozwe na saa, ichelewe kama dakika 50 kila usiku baada ya mpevuko. Na mimi huangalia kalenda ya mwezi wa Ramadhani na Shaaban, tarehe 14 na 15 ndizo mwezi umejaa, hainidanganyi.

Swali jingine: unawakata mara ngapi?

BintiBombo
Kila miezi mitatu hivi. Ndiyo inayolipa chumvi. Na niseme ukweli wote: yule mdogo nilimkata kutoka kwa huyu mkubwa.

MzamiajiKilifi
Hapo pana mambo mawili. La kwanza, tumbawe linalokatwakatwa hutumia nguvu zake kuziba vidonda na kukuza ncha mpya, na ncha zinazokua hazibebi mayai. Mayai yako chini, katikati ya tawi. Acha kukata mwaka mzima. Miezi ikifika, vunja kipande kimoja tu cha sentimita 3 kutoka katikati: ukiona punje za waridi au nyekundu ndani, wiki si nyingi. Zikiwa nyeupe bado, subiri.

La pili ni zito zaidi. Hao wako wawili kwa damu ni mmoja. Kila Acropora hutoa mayai na mbegu pamoja, lakini mayai yake kwa kawaida hayakubali mbegu yake mwenyewe. Hata wakitaga usiku mmoja, utapata povu la waridi juu ya maji na asubuhi limeoza. Unahitaji mwingine wa aina hiyohiyo kutoka chanzo kingine. Wako ni aina gani?

BintiBombo
Muuzaji aliniambia millepora.

KambaleJinja
Nimejifunza, asanteni. Kuna basi la usiku la Mombasa, je, hawezi kuagizia pwani?

Fundi_Entebbe
Hapana ndugu. Matumbawe magumu yote yako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hayavuki mpaka bila kibali, na kwetu vibali hivyo viko chini ya Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale. Na mwamba wa pwani umeshateseka vya kutosha.

Dada, usiku wa kutaga ukifika zima skima (kile chombo cha kutoa uchafu kwa povu) na pampu zote za mkondo, vifurushi vya mayai na mbegu vitaelea. Viteke kwa kikombe, changanya vya wawili kwenye beseni moja, na subiri saa mbili. Kisha osha mayai taratibu kwa maji safi ya tangi. Weka vigae vilivyokaa miezi kwenye tangi hadi vikaota ule mwani mgumu wa zambarau. Viluwiluwi huutafuta kuanzia siku ya nne au ya tano. Na uwe na lita 80 za maji mapya tayari, maana mayai yanayobaki huchafua tangi lote.

BintiBombo
Nimeandika yote kwenye daftari. Wateja wa vipande nimewaambia leo kwamba mwaka huu sikati. Amebaki mwenzi wa damu nyingine.

Fundi_Entebbe
Ninaye millepora wa kijani, alikuja kwangu kwa njia tofauti kabisa na wa Ntinda, ana miaka mitano. Nitakukatia tawi la sentimita 10. Itachukua misimu miwili au mitatu kabla halijakomaa, uwe na subira nalo. Njoo Jumamosi asubuhi kabla ya jua kali, uje na ndoo yenye mfuniko, na maji ya tangi lako ndani.