Huyu mgombea wenu wa "wanyonge" kanimwagia zege (chipsi mayai) kwenye mkaa, kisha kaondoka anapunga mkono

Wakuu, naandika huku nanuka moshi na sijaoga. Matusi yakiniponyoka mtanisamehe.

Mnamjua. Simtaji jina, maana vijana wake humu wamejaa kuliko nzi wa buchani. Ni yule wa raba nyeupe. Yule ambaye kwenye bango la pale mataa ana nywele nyeusi tii na kidevu kimoja, ila ukimwona uso kwa uso unatamani umpe shikamoo mbili.

Jioni hii kaja kijiweni kwangu. Mashangingi, ving'ora, bodaboda wote wametimuliwa, wapiga picha wamepanda na viatu juu ya benchi la wateja. Mimi niko jikoni, zege la dada wa saluni ya jirani ndio linaanza kushika. Ameshalipa buku tatu yake, mayai mawili. Mheshimiwa hana salamu wala nini, kanipokonya kikaango, kaniuliza: "Hii kwani inaitwaje?"

Wakuu! Mtu anataka kura za Dar es Salaam, zege halijui!

Nikamwambia, "Zege, mheshimiwa." Akadhani namtania. Akawageukia wapambe wake, "Eti zege! Vijana wetu wabunifu sana." Wakacheka wote, hadi mlinzi. Halafu akalirusha juu. Nani alimwambia zege linarushwa? Likapaa, nusu likarudi kwenye kikaango, nusu likaingia kwenye mkaa, puu! Majivu hadi kwenye kachumbari. Mwenzenu kanipiga bega, kasema, "Si mbaya kijana wangu, utapika jingine."

Utapika jingine. Kwa mayai ya baba yake?

Kapanda juu ya gari, kashika kipaza sauti. Eti ndani ya siku 100 kila mkaanga chipsi atapata jiko la gesi na mtungi wake bure. Mikopo isiyo na riba. Mayai yatashuka bei "kwa sababu tutawekeza kwenye kuku". Kuku gani, wa nani, pesa inatoka wapi, hakusema na hakuulizwa. Watu makofi! Na mimi nimeinama naokota viazi kwenye mkaa.

Sasa nafungua simu, video imeshazagaa. Wamekata pale zege likiwa bado hewani. Picha inayofuata ameshika sahani ya zege la duara, safi, linatoa mvuke, na maandishi juu: "Analijua jiko la mnyonge". Lile zege si langu! Wamelichukua kwa jamaa wa ng'ambo ya barabara! Na dada wa saluni anaidai buku tatu yake kwangu, haidai Ikulu.

"Si mbaya, utapika jingine." Na nchi akiimwaga?

Nawasilisha.

Mzee wa Kijiwe: Si ndio mnavyopenda? 2015 mmoja alipanda daladala mkashangilia, mwingine akapiga pushapu jukwaani mkashangilia zaidi. Ilani aliisoma nani? Huyu kaona daladala na pushapu zimeshatumika, kimebaki kikaango.

Chawa Mstaafu: Uongo mtupu. Video nimeiangalia mara tatu, zege limegeuka vizuri kabisa. Umetumwa.

Mleta uzi: Nimetumwa na nani, na kuku? Njoo uone kachumbari yenye majivu. Kaniambia UTAPIKA JINGINE. Hata pole hamna.

Mdaiwa Sugu: Nyie mnalia na zege, mimi nalia na hiyo mikopo. Jamani, mikopo isiyo na riba IPO. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudishwa 2024. Kikundi chetu tumejaza fomu hadi katibu wetu kaolewa kahamia Mbeya. Mtu anakuahidi kitu ambacho ni haki yako tangu zamani na unampigia makofi.

Mama Wawili: Huo mtungi wa bure hata mimi niligawiwa kwenye kampeni. Gesi ilikata, sasa hivi unazuia mlango usibamizwe na upepo. Shida haijawahi kuwa jiko, shida ni kujaza. Mkaa nanunua wa kopo kulingana na nilichouza siku hiyo. Gesi nani ataniuzia ya kopo? Hilo ndilo la kumuuliza, ila angejibu nini wakati hajawahi kutumwa mkaa dukani.

Mwana Kigoma: 2010 tuliambiwa Kigoma itakuwa Dubai. Niko ufukweni hapa nasubiri ghorofa ya kwanza. Dagaa wapo.

Mzee wa Kijiwe: Na milioni 50 kila kijiji? Kwetu wazee walianza kugombana nani atakuwa mweka hazina kabla hata kura hazijahesabiwa. Mpaka leo wawili hawasalimiani, na pesa hatujaiona.

Mstaafu Mtarajiwa: Mimi sitaki Dubai wala jiko. Atokee mgombea aseme kikokotoo, ile asilimia ya pensheni unayopewa kwa mkupuo ukistaafu, narudisha kilipokuwa, nukta, ashuke jukwaani. Hata akimwaga zege la ukoo mzima nampa kura.

Chawa Mstaafu: Kilishapandishwa 2024, mnataka nini tena?

Mstaafu Mtarajiwa: Kilitoka asilimia 50 kikashushwa 33, kikapandishwa 40. Hapo kimepanda au kimeshuka? Nenda shule ya usiku.

Mpenda Zege: Tuache siasa kidogo. Buku tatu MAYAI MAWILI? Ni wapi huko, uwanja wa ndege? Sinza nakula kwa buku mbili na jero, na kachumbari haina majivu.

Mleta uzi: Kuna mahali nimesema huu ni uzi wa bei?

Mpenda Zege: Ndio tunauliza sasa. Unamlalamikia mgombea kwa kumwaga mayai na wewe unaiba mayai.

Dogo wa Arusha: Zege halisi ni mayai matatu. Mawili ni viazi vilivyopakwa rangi.

Mama Wawili: Na viazi vyenu vinakunywa mafuta. Hata kama mafuta yenyewe ni ya juzi, mkuu, usijifanye huelewi.

Mleta uzi: Mafuta yangu ni mapya!! Rudini kwenye mada. Mtu kaingia kwenye kibarua cha watu, kamwaga, kacheka, kasema utapika jingine, na kesho atakuwa Mwanza anamwaga ya mwenzangu mwingine.

Jirani wa Ng'ambo: Wakuu habari. Mimi ndiye mwenye lile zege la kwenye video. Hawajanilipa hata mia. Ila tangu saa mbili foleni haijakatika, watu wanataka "zege la mheshimiwa". Mayai matatu, buku tatu na jero. Karibuni.

Mleta uzi: KUMBE ULIWAPA SAHANI MWENYEWE?

Jirani wa Ng'ambo: Waliomba vizuri.

Mpenda Zege: Mayai matatu? Huyo ndiye kiongozi. Uko upande gani wa barabara, ukitokea stendi?

Jirani wa Ng'ambo: Kushoto, ukipita duka la dawa. Ukiona mtu amenuna mbele ya jiko lisilo na wateja, vuka barabara.

Dogo wa Arusha: 😂😂😂

Mdaiwa Sugu: Unafunga saa ngapi? Na kukopa ipo?

Jirani wa Ng'ambo: Saa sita, mayai yakibaki. Kukopa subiri zile siku 100.