Mrejesho: mtoto mchanga anayelia jioni kwa sababu ya gesi

Wapendwa, niliwaomba ushauri kuhusu mwanangu aliyekuwa akilia kila jioni huku amekunja miguu na tumbo limekaza. Kilichosaidia zaidi ni kumcheulisha katikati ya kunyonya, si mwishoni pekee, nikimweka wima begani na kumpapasa mgongo taratibu hadi hewa itoke, pamoja na kuhakikisha kwamba ameshika sehemu kubwa ya weusi wa titi, kwani akishika chuchu tu humeza hewa nyingi. Maji ya dawa za tumbo sikumpa, maana chini ya miezi 6 maziwa yanatosha. Daktari aliyempima ameridhika na uzito wake, ila amesisitiza kwamba akitapika matapishi ya kijani, akipata homa au choo chenye damu, nimwahishe hospitalini.